Tela la familia kwa barabara mbovu: likague kuanzia chini

Mnunuzi wa tela la kulala akifika kwa muuzaji, macho humwenda kwenye jiko linalochomoka ubavuni, droo na taa za ndani. Hayo yasubiri. Familia haikwami porini Serengeti, kati ya Naabi na Seronera, kwa sababu ya droo. Inakwama kwa sababu beringi imekauka au springi imekatika. Shika tochi, tandika boksi, ingia chini.

Anza na springi. Kwa barabara zetu chagua springi za vyuma bapa vilivyopangwa na kufungwa kwa yu-bolti (bolti zilizopinda kama herufi U), hata kama zinarusha zaidi. Mfumo wa mpira uliofichwa ndani ya ekseli ni laini na hauna kelele, lakini ukichoka, fundi wa mji mdogo hana la kufanya: inabadilishwa ekseli nzima. Chuma bapa kikikatika, fundi wa malori anakichonga kingine kutoka springi kuukuu na safari inaendelea. Angalia kila chuma karibu na bolti ya katikati, maana hapo ndipo kinapokatikia, hasa yu-bolti zikiwa zimelegea.

Kisha fuata mkono wa kuvutia, ile mihimili miwili inayokwenda kwenye gari. Mihimili mizuri inapita chini ya fremu na kuendelea nyuma, walau hadi karibu na springi. Iliyochomelewa tu kwenye uso wa mbele wa fremu itapasuka. Ufa wenyewe ni mwembamba na rangi huuficha. Kinachouumbua ni mstari wa kutu uliojichora juu ya rangi kandokando ya alama ya kuchomelea. Ukiuona, ondoka, hata bei ikishuka.

Matairi na rimu viwe sawa na vya gari lako. Land Cruiser mkonga (zile za mfululizo wa 70) nyingi za sasa zina nati 5, Hilux na Prado zina 6, kwa hiyo tela la nati 6 nyuma ya mkonga ni spea za aina mbili za kubeba. Idadi ya nati ikilingana bado haitoshi: funga spea ya gari kwenye tela, uizungushe, uone haigusi breki wala springi.

Matela yaliyotumika yanayotoka Ujerumani au Uholanzi yana kasoro moja ambayo wengi huiona wakishalipa. Mlango uko kulia, kwa sababu kule wanaendesha kulia. Huku ukisimama kando ya barabara, watoto wanashukia upande wa malori. Ya Afrika Kusini na Uingereza hayana tatizo hilo. Na ukielekea kwenye mbung'o, kama Katavi au Ruaha, usichukue turubai la buluu wala jeusi. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo, na si kwa bahati mbaya.

Uzito ndio unaowaumbua wengi. Tela linaloruhusiwa kufika kilo 1,200 na mizigo yake, likiwa tupu lina kilo 850, umebaki na kilo 350. Sasa hesabu: maji lita 100 ni kilo 100, mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijaa unakaribia kilo 14 pamoja na chuma chake, friji ya lita 40 yenye chakula, kilo 38, betri ya asidi ya Ah 100, kilo 30, madumu mawili ya dizeli ya lita 20, kilo 38, tairi la akiba la pili na rimu yake, kilo 30. Hizo ni 250, na bado hujapakia mahema, nguo, viti, unga wala spana. Pakia nyumbani kila kitu, kisha lipeleke tela kwenye mizani ya ghala la mazao au ya wanunuzi wa vyuma chakavu.

Karibu asilimia 10 ya uzito huo iegemee gari. Tela la kilo 1,100 likandamize kiungo, pale linaposhikana na gari, kwa kilo 110 hivi, mradi gari lako linaruhusu. Upimaji wake ni rahisi: tela likiwa sawa na ardhi, weka mizani ya kupimia watu chini ya kiungo chenyewe, katikati simamisha kipande cha mbao, shusha polepole, soma. Usipimie kwenye gurudumu dogo la mbele, kwa kuwa lipo karibu zaidi na ekseli na litakupa namba kubwa kuliko ukweli. Uzito ukipungua hapo, tela huyumba ukifika mwendo wa lami. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, usikanyage breki ya gari. Kama tela lina breki za umeme, zibonyeze peke yake kwa mkono. Halafu simama uhamishe mizigo mizito mbele ya ekseli, chini kabisa.

Barabara iliyojikunja kama bati ndiyo mtihani wenyewe. Tela lenye uzito huo likiwa na upepo wa PSI 36 kwenye lami, shusha hadi 26 au 28 unapoingia changarawe, na 16 hadi 18 kwenye mchanga mzito, ambako hutazidi kilomita 30 kwa saa. Baada ya nusu saa pima tena. Upepo ukipanda kwa PSI 4, uko sawa. Ukipanda kwa 8, tairi linapinda na kuchemka kupita kiasi: punguza mwendo kwanza, kisha ongeza upepo kidogo. Wapo wanaosema kimbia 80 uelee juu ya matuta. Abiria wa mbele kweli anaelea. Shokamzoba za tela zinachemka, na kwenye kona tela halishiki ardhi. Kilomita 40 hadi 50 zinatosha, na ndani ya hifadhi za TANAPA mwisho ni 50.

Kila kilomita 40 hivi simama, weka kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu. Joto la kawaida halina shida. Usipoweza kuacha mkono hapo sekunde tatu, au upande mmoja ukiwa moto kuliko mwenzake, ama breki inashika ama beringi inakufa. Inua gurudumu kwa jeki, lizungushe, sikiliza. Kisha lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, toa kifuniko na pini, kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka liwe zito kidogo, irudishe robo mzunguko, weka pini mpya. Likiunguruma kama lina mchanga, beringi imekwisha, kukaza hakusaidii. Namba ya beringi imechongwa kwenye uso wake. Isome kabla ya safari, nunua seti mbili pamoja na sili zake, zipake grisi kabisa na uzifunge kwenye kopo lenye kifuniko.

Kuhusu mito: kitovu cha moto kikizamishwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Subiri kama dakika 20 kabla ya kuvuka. Ukivuka maji yaliyofunika vitovu, fungua ukague grisi jioni hiyo. Ikigeuka rangi ya maziwa, ibadilishe yote.

Nati za tela, ukiacha za magurudumu na za beringi, ziwe za kujifunga, na kila moja ichorwe mstari wa rangi unaopita kwenye nati hadi kwenye bolti. Mstari ukikatika, nati imesogea. Hukuhitaji spana kuligundua hilo. Mbele ya tela funga wavu au turubai la mshazari. Mawe yanayorushwa na gari hugonga uso wa tela na kurudi kuvunja kioo cha nyuma cha gari, jambo linalomshangaza kila anayelipata mara ya kwanza. Makopo ya soda yasigusane: kwa siku moja ya mtikisiko yanasuguana hadi yanatoboka. Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye mkono wa kuvutia. Gesi ni nzito kuliko hewa, na ikivuja ndani hutuama sakafuni, walikolala watoto.

Umeme wa friji usivutwe kwa waya mwembamba wa taa. Kutoka betri ya gari hadi ya tela ni mita 8 hivi, kwenda na kurudi 16. Kwa ampea 20, waya wa milimita mraba 6 unapoteza karibu volti 0.9, na betri ya tela haitajaa hata ukiendesha kutwa. Tumia wa milimita mraba 16, wenye fyuzi pande zote mbili.

Kwenye udongo mweusi uliolowa, tela ni nanga. Ukihisi gari linazama, simama mara moja kabla magurudumu hayajajichimbia. Kata tela, toa gari peke yake hadi pakavu, kisha livute tela kwa mkanda mrefu au winchi, ukifunga kwenye pete zilizobanwa na fremu. Mkanda usifungwe kamwe kwenye ile tufe ya milimita 50 ya kuvutia: ikikatika inaruka kama risasi kuelekea kwenye kioo, kwa hiyo hata pete zikiwa imara, watoto wasimame mbali, ubavuni, umbali usiopungua urefu wa mkanda mara moja na nusu.