Mkojo wa kupima usikae nao

Jamani ukipewa kikopo cha mkojo usikinge ule unaotoka mwanzo, huo unabeba bakteria wa kwenye ngozi, we jisafishe kwanza, uache utoke kidogo chooni halafu ndo ukinge wa katikati, na usiguse ndani ya kikopo wala ya kifuniko. Alafu kitu ambacho wengi hawaambiwi, na kinaniuma kweli, ni muda. Mkojo ukikaa nje zaidi ya masaa 2 bakteria wanazaliana, wanakula sukari iliyomo, chembe za damu zinapasuka, majibu yanakuja siyo, unameza antibayotiki bure. Ukijua utachelewa weka kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, sio friza. Na kama ushaanza dawa waambie maabara.