Kurekebisha springi na shokapu za pikipiki ya theluji ili safari isikuumize mgongo

Wengi wakiona pikipiki yao ya theluji, ile inayoteleza kwa ski mbele na kusukumwa na mkanda wa mpira nyuma, inawapiga mgongo hukimbilia kulegeza springi. Mara nyingi ndipo wanapozidi kuharibu. Springi iliyolegea mno huifanya pikipiki ikae chini tangu mwanzo, shokapu ifanye kazi karibu na mwisho wa mwendo wake, na tuta la kwanza la maana ligonge mpaka kwenye chuma. Pigo unalolisikia si la springi ngumu, ni la springi iliyokwisha nafasi. Ili safari iwe laini, shokapu inahitaji nafasi ya kubonyea tuta linapokuja, na nafasi ya kunyooka kufuata shimo lililo nyuma ya tuta. Kwa hiyo kazi huanza na kipimo cha jinsi pikipiki inavyokaa ukiwa umeipanda. Nobu za shokapu, yaani vifundo vya kuzungusha ili kurekebisha ukinzani wake, zinasubiri.

Kuna sehemu tatu za kushughulikia. Mbele kuna ski mbili, yaani vipande virefu bapa vya kuteleza juu ya theluji, kila moja na shokapu yake. Ndani ya mkanda wa mpira kuna skidi, yaani reli mbili zilizoshikiliwa na mikono miwili: mkono wa mbele wenye shokapu yake, na mkono wa nyuma wenye shokapu pamoja na springi kubwa. Kwenye modeli nyingi springi hizo za nyuma ni mbili za kusokota, moja kila upande, na nyingine hutumia koili. Mwili wako utakuambia pa kuanzia. Pigo likifika kwenye mikono na mabega, tazama ski. Likipanda kutoka kwenye nyayo na magoti, tazama mkono wa mbele wa skidi. Likikupiga kwenye kiti, kiunoni, ni mkono wa nyuma.

Kabla ya kushika spana

Skidi iliyokauka grisi haiwezi kurekebishwa. Shafti na bushi za mikono zikishika kutu, springi husukumana na msuguano badala ya kubeba uzito wako, na hakuna idadi ya kuzungusha nati itakayosaidia. Tia grisi inayofaa kwa baridi kwenye kila chuchu ya kupokelea grisi mpaka ile chafu itoke pembeni. Kisha shika bampa ya nyuma, bonyeza polepole kwa uzito wa mwili, uachie. Ikishuka kwa kukwamakwama au ikisita kurudi, fungua uone shafti na bushi zina nini. Angalia pia barafu: theluji mbichi ikiganda usiku katikati ya mikono, asubuhi skidi inakuwa kama kipande kimoja cha chuma.

Pitisha kidole kwenye fimbo ya kila shokapu. Mafuta yakibaki kidoleni, sili imekwisha. Shokapu nyingi zina gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa ndani, kwa hiyo usizifungue nyumbani. Mpelekee fundi mwenye vifaa vya kuzijaza upya. Mafuta ya shokapu huchakaa hata kama hayavuji, na dalili yake ni pikipiki inayoanza vizuri asubuhi kisha kuruka ovyo baada ya kupata moto.

Andika mpangilio uliopo sasa: hatua ya kila kemu (kipande cha kukazia springi za nyuma), urefu wa kila springi, nobu zimefunguliwa kliki ngapi. Usipoandika, ukipotea hutajua njia ya kurudi.

Kipimo cha nyuma

Vaa kama unavyovaa njiani, buti na kofia ya chuma vikiwemo. Jaza tangi, funga mzigo unaobeba kwa kawaida. Utahitaji mtu wa pili na futi ya kupimia.

Weka pikipiki kwenye sakafu sawa. Inua bampa ya nyuma mpaka skidi inyooke yote, lakini mkanda uendelee kugusa sakafu. Pima kutoka ukingo wa chini wa bampa hadi sakafuni. Sasa panda, ruka kidogo kitini mara mbili tatu ili skidi itulie, ukae mahali unapokaa ukiendesha. Mwenzako apime tena palepale. Kama kipimo cha kwanza kilikuwa milimita 640 na cha pili 570, pikipiki imeshuka milimita 70.

Kwa pikipiki nyingi za kuendeshwa kwenye njia zilizotengenezwa, mshuko wa milimita 50 hadi 75 ni mahali pazuri pa kuanzia. Skidi zenye mwendo mrefu huruhusu zaidi, na hapo kijitabu cha modeli yako ndicho kinachoamua. Ikishuka zaidi ya hapo, kaza springi. Ikishuka chini ya 50, legeza. Pima mara mbili: mara moja baada ya kuibonyeza chini na kuiachia ipande yenyewe, mara nyingine baada ya kuiinua na kuiachia ishuke. Chukua wastani. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana sana, mathalani milimita 20, rudi kwenye grisi na bushi.

Springi za kusokota hukazwa kwa kemu, kipande chenye pembe kadhaa ambacho mguu wa springi hukalia. Modeli nyingi zina hatua tatu au tano. Tumia spana iliyokuja na pikipiki, zungusha hatua moja moja, na hakikisha kushoto na kulia ziko kwenye hatua ileile. Usiruke kutoka hatua ya juu kabisa moja kwa moja kwenda ya kwanza: springi inaweza kuvunja kemu au kukurushia spana mkononi. Kwenye koili unazungusha ringi iliyo juu ya uzi wa shokapu, yaani mikato ya skrubu iliyo kwenye mwili wake. Safisha uzi na uupake mafuta kidogo kwanza, kwa sababu barafu na uchafu hula ringi za alumini haraka sana.

Ieleweke kwamba kukaza springi hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunabadilisha tu urefu ambao pikipiki inakaa. Ukifika hatua ya mwisho na bado inashuka kupita kiasi, springi ni nyepesi kwa uzito wako, nunua nzito. Na kinyume chake: mtu mwepesi aliye kwenye hatua ya kwanza, na pikipiki haishuki hata milimita 40, atapigwa na kila kituta mpaka abadilishe springi. Hakuna nobu itakayomwokoa.

Mkono wa mbele wa skidi na uzito wa usukani

Hapa ndipo pikipiki nyingi hupotezwa, kwa sababu springi ya mkono wa mbele hufanya kazi mbili kwa pamoja: inapokea tuta, na inagawa uzito kati ya ski na mkanda. Ukiikaza, pua ya pikipiki hubebwa na mkanda, usukani unakuwa mwepesi, lakini ski haziumi vizuri kwenye kona. Ukiilegeza, uzito unahamia kwenye ski, usukani unakuwa mzito na mikono inachoka, na tuta kubwa linaweza kuubonyeza mkono huo mpaka mwisho na kukupiga kwenye nyayo.

Zungusha ringi yake mzunguko mmoja kila mara, si zaidi, kisha uendeshe. Unatafuta mahali ambapo unaweza kukata kona kwa mikono miwili bila kupigana na usukani, na ski zikaendelea kushika njia bila kuteleza nje.

Kamba bapa inayoufunga mkono wa mbele kwenye reli hudhibiti umbali ambao mkono huo unaweza kunyooka. Kamba ikiwa ndefu, ski hunyanyuka ukivuta mafuta na usukani unapungua uzito. Ikiwa fupi, ski zinakandamizwa chini. Kwa safari ya starehe, iache kwenye tundu la kiwandani. Ukilazimika kuigusa, sogeza tundu moja tu. Kuifupisha sana ili kuponya usukani unaoteleza ni kosa: mkono wa mbele unavutwa juu, unapoteza mwendo wake, na unakuwa mgumu. Anza kwanza kuangalia vyuma vya kabaidi chini ya ski. Vikiwa vimeisha, hakuna kamba itakayozirudishia ski meno. Na kila ukigusa kamba, pima upya mkazo wa mkanda, kwa kuwa vinategemeana. Kila kiwanda kimetoa uzito wake wa kuning'iniza katikati ya mkanda na pengo linalotakiwa kati yake na plastiki za reli. Unapoinua nyuma na kuzungusha mkanda kwa injini ili kuangalia kama umenyooka, mtu yeyote asisimame nyuma. Mkanda hurusha barafu, mawe na hata misumari yake.

Baadhi ya skidi zina vizuizi vinavyounganisha mwendo wa mikono miwili. Tuta linapoubonyeza mkono wa mbele, kizuizi huanza kuvuta na nyuma pia, ili kiti kisirushwe juu tuta likifika kwenye mkono wa nyuma. Kama pikipiki inakurusha kitini kila baada ya tuta, na kipimo cha nyuma kiko sawa, ongeza muungano huo hatua moja.

Ski

Springi za ski zikazwe kidogo iwezekanavyo kwa njia za kawaida. Kiwango cha chini kabisa ni kwamba pua ikiwa imeinuliwa na ski zinaning'inia, springi isichezecheze kwa mkono. Pima urefu wa springi ya kushoto na ya kulia kwa futi. Usihesabu mizunguko, uzi wa pande mbili hauanzi mahali pamoja. Pikipiki inayovuta upande mmoja mara nyingi ina tofauti ya milimita chache tu hapo. Hakikisha pia ncha za mbele za ski zimefunguka kidogo kuliko za nyuma. Kwa modeli nyingi ni milimita 3 hadi 6 kwa jumla, usukani ukiwa umenyooka. Zikifungana kwa mbele, pikipiki itatangatanga njiani na utauumiza mwili kwa kuishikilia.

Shokapu za hewa zina mtego wake. Ukizijaza psi 60 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa) kwenye karakana yenye nyuzijoto 20, kisha ukatoka nje penye hasi 20, geji itasoma karibu psi 50 bila hewa yoyote kuvuja. Gesi inasinyaa kwa baridi. Kwa hiyo acha pikipiki nje ipoe, inua pua ili shokapu zinyooke, ndipo ujaze. Tumia pampu ya mkono ya shokapu, kwani kompresa ya matairi inaweza kupasua sili kwa sekunde. Ukiunganisha bomba la pampu, usomaji hushuka kidogo kwa sababu hewa imejaza bomba lenyewe, kwa hiyo usidhani kuna uvujaji.

Nobu za shokapu

Sasa tu ndipo uzifikie. Funga nobu kwa mwendo wa saa mpaka ikome, bila kulazimisha, huku ukihesabu kliki. Hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia. Kisha ifungue hadi mpangilio wa kiwandani. Kufunga huifanya shokapu kuwa ngumu, kufungua huilainisha. Badilisha kliki mbili kila mara, na upande mmoja wa kazi tu: kubonyea au kurudi.

Kubonyea ni jinsi shokapu inavyopinga kushuka. Ikiwa ngumu, vituta vidogo vinafika mwilini kama mtetemo. Ikiwa laini, matuta makubwa yanagonga mwisho. Kurudi ni kasi ya kunyooka. Kurudi kwa haraka mno hukurusha juu. Kurudi polepole mno ni kosa la siri zaidi: kwenye matuta ya mfululizo, shokapu haipati muda wa kunyooka kabla ya tuta lifuatalo, kwa hiyo inashuka kidogo kila tuta, na kufikia la tano au la sita pikipiki imelala chini na inakupiga. Matuta matatu ya kwanza yalikuwa laini, yaliyofuata yakawa magumu? Fungua nobu ya kurudi kliki mbili. Watu wengi hapo hukaza springi, na tatizo linabaki.

Usihukumu chochote kabla ya kwenda kilomita kumi hivi. Mafuta yaliyolala usiku kwenye baridi ni mazito, na kila shokapu huwa ngumu asubuhi.

Jaribio lenyewe lifanyike kwenye kipande kimoja cha njia chenye matuta, kwa kasi ileile, ukikaa vilevile. Kwenye fimbo ya shokapu ya ski, funga kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya, kisikaze sana ili kiteleze. Kisukume mpaka kwenye mwili wa shokapu, uende, kisha uangalie kilipoachwa. Kwa shokapu za skidi, ambako barafu hukikata, paka grisi nyembamba kwenye fimbo na uone ilifutwa mpaka wapi. Pigo baya kuliko yote katika kipande hicho linapaswa kukifikisha kikamba karibu na raba ya mwisho, ile inayopokea shokapu ikimaliza mwendo wake. Kikibaki sentimita tano kabla, una mwendo ambao hutumii: fungua nobu ya kubonyea. Raba ikiwa na alama mpya za kugandamizwa mara kwa mara, funga nobu hiyo, au rudia kipimo cha mshuko.

Ukipakia abiria, vipimo vyote vya nyuma vinabadilika. Kaza kemu kwa hatua moja au mbili kabla ya kuondoka, pima mshuko mkiwa wawili mmekaa, na uirudishe ulipoiandika siku utakapoenda peke yako.