Kwenda bara bila kumaliza tangi

Barabara ya Mombasa hadi Nairobi ni mlima mmoja mrefu wa kilomita 485 hivi. Unaondoka usawa wa bahari, Voi uko zaidi ya mita 500 juu, na Nairobi unaikuta kwenye mita 1,660. Kulipandisha huko gari la kilo 1,300 kunakula zaidi ya lita mbili za petroli, liwe gari zuri namna gani. Hizo hazina dawa. Za kupigania ni zile zinazopotea kwenye matairi, mzigo na mguu wa dereva.

Anza na upepo wa matairi, na upime asubuhi yakiwa baridi. Tairi lililokwisha kupata moto husoma juu zaidi. Ukilipunguza hapo, likipoa litakuwa limelegea, na tairi lililolegea linavutwa, haliviringiki. Kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi tunayoshushiwa bandarini kutoka Japani yana kibandiko cha Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 230 ni kPa, kipimo cha upepo; gawa kwa 6.9 upate psi 33, kipimo kinachotumika kwenye sheli. 220 ni 32, 250 ni 36. Hakikisha saizi ya tairi iliyoandikwa hapo ndiyo uliyovaa. Ukiambiwa kwenye sheli kwamba safari ndefu inataka 40 zote, kataa: tairi litakanyaga kwa katikati tu, liishe upande huo na lishike lami vibaya mvua ikinyesha.

Gari linalolala pwani lina tatizo lake pia. Chumvi ya hewa hula pini za kalipa, yaani kibano cha breki, na pedi zikabaki zimeshika diski hata ukiachia breki. Dereva hahisi kitu, anaona mafuta tu yanaisha. Endesha kilomita kumi bila kukanyaga breki sana, simama mahali salama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, fundi afungue, asafishe pini na kupaka grisi ya breki. Hili lifanywe kabla ya siku ya safari.

Kwa gari la otomatiki la zamani kidogo, tazama dashibodi. Taa ya O/D OFF ikiwaka, kitufe cha ubavuni mwa gia kimebonyezwa kwa bahati mbaya na gari haliingii gia ya juu kabisa. Injini itapiga kelele hadi Nairobi. Kibonyeze tena, taa izime.

Mzigo: kila kilo 100 za ziada zitakugharimu zaidi ya nusu lita kwa safari nzima ya kupanda. Nazi na maembe ya watu wa bara hatuwezi kuyaacha, ila yaweke ndani. Keria ya juu ikiwa tupu, ifungue uiache nyumbani, maana inapigana na upepo njia nzima.

Na huo upepo ndio adui mkubwa. Nguvu ya kuusukuma hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 110 inakaribia kuwa maradufu. Sasa hesabu muda. Kilomita 400 za barabara wazi kwa 90 ni saa nne na dakika 27, kwa 100 ni saa nne kamili. Kwa dakika hizo 27 unalipa mafuta mengi, na kwa kweli huzipati zote, kwa sababu mbele kuna msururu wa matrela. Shika 80 hadi 90 na uutunze.

Matrela ndiyo yanayoharibu hesabu za wengi. Malori yana kikomo cha 80, na mlimani hushuka chini zaidi. Dereva humkaribia mwenye trela hadi mkiani, anapiga breki, anakanyaga mafuta yote kupita, kisha anakuta jingine. Kaa nyuma umbali wa sekunde nne, uone mbele, na uanze kuongeza mwendo taratibu nafasi ikiwa tayari iko wazi. Kusogea karibu ili trela likukinge upepo ni hatari tupu.

Kwenye mwinuko, acha mwendo ushuke kidogo badala ya kukanyaga hadi chini. Kwenye mteremko, ondoa mguu na uache gari kwenye gia. Injini za sindano, zinazopuliziwa mafuta kwa nozeli, hukata mafuta kabisa hapo. Ukitia nyutro, injini inahitaji mafuta ya kujizungusha, nawe umepoteza breki ya injini.

Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Utapita Changamwe na mizani ya Mariakani kabla msongamano haujakolea, na utavuka Tsavo jua halijawa kali, AC haijalemewa. Mwendo ukizidi 80, AC ya kiasi na vioo vilivyofungwa ni nafuu kuliko kufungua vioo vyote. Anayetoka Diani apite Dongo Kundu atokee Miritini, asiunguze petroli kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Jaza tangi Mombasa, ambako bei ya EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, huwa chini ya ile ya Nairobi. Bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo safari ikiangukia hapo, sikiliza kwanza tangazo. Jaza hadi pampu ikate yenyewe, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, na ujaze vivyo hivyo ukifika. Kilomita 485 kwa lita 38 ni 12.8 kwa lita. Linganisha kupanda na kupanda, kushuka na kushuka.

Mwenye biashara anayenunua gari jipya, hasa pikapu au lori, aombe kulijaribu kwenye barabara hii hii likiwa na mzigo kabla ya kutoa oda. Mombasa tuna kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kinachounganisha magari hapa hapa, na wanunuzi wakidai takwimu za kilomita kwa lita, wauzaji watajua cha kuagiza. Namba za mafuta zinazokuja na magari ya Japani zisikudanganye: JC08, kipimo cha Kijapani cha ulaji wa mafuta, hakikufika hata 82 kwa saa, wala hakikuwa na mlima wa kuelekea Nairobi.