Kuchagua Majani Makavu Yaliyo Salama kwa Tangi la Samaki

Majani makavu yanapotandazwa chini ya tangi la samaki wa maji baridi, huwapa samaki maficho, huwa malisho ya uduvi na konokono, na huachia tanini inayoyapa maji rangi ya chai. Manufaa hayo yote hutegemea mti, kwa hiyo jani la mti usioujua kwa jina liache hapo hapo ulipolikuta, hata likiwa zuri namna gani.

Mkungu, mpera, mforosadi na mwaloni ni miti ambayo wafugaji wameitumia kwa muda mrefu bila madhara. Epuka mwarobaini, ambao una viuadudu vyake vya asili, mkaratusi na misonobari kwa sababu ya mafuta na utomvu wake, oleanda, ambayo ni sumu kuanzia mzizi hadi ua, na mnyaa, ambao utomvu wake mweupe huunguza. Utupa ndio wa kuogopwa kuliko yote, kwani una rotenoni, sumu inayozuia chembe za mwili wa samaki kutumia oksijeni.

Okota jani lililoanguka lenyewe na kugeuka kahawia. Jani bichi bado lina sukari na maji yake, hivyo huoza upesi, na bakteria wanaoliozesha hunyang'anya samaki oksijeni hadi ukawakuta asubuhi wakihemea juu ya maji. Usiokote kando ya barabara wala penye mashamba yanayonyunyiziwa dawa, maana kuosha hakuondoi kila kitu.

Osha majani, kisha yachemshe dakika chache ili yazame haraka. Ukiyachemsha mno, tanini yote itaishia sufuriani.

Anza na jani moja kubwa la mkungu kwa lita 40, subiri wiki moja, upime pH, yaani kiwango cha asidi au alkali katika maji, kabla ya kuongeza. Katika maji magumu pH haishuki sana, kwa kuwa kabonati huizuia, ilhali katika maji laini inaweza kushuka ghafla. Samaki wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi, waliozoea maji yenye alkali, usiwawekee kabisa.

Utando mweupe utakaotokea kwenye majani siku za mwanzo usikutishe, kwani uduvi huula. Majani yakiwa meusi na kutoa harufu ya yai viza, yatoe siku hiyo hiyo na ubadilishe sehemu ya maji.