Kupanga makaratasi ya mtu wa kadi za matundu

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi hushtuka nikiona kadi tupu ndani ya kitabu cha maelekezo ya mashine.

Mkusanyiko wa kwanza niliopewa kupanga ulikuwa wa fundi mstaafu wa mashine za kadi, zile za zamani zilizosoma taarifa kwenye kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu. Vitabu vyake vya maelekezo vilikuwa vimejaa kadi zisizo na tundu hata moja. Nikadhani ni za kuashiria kurasa tu, nikazichomoa zote na kuzipanga vizuri kando, nikijiona hodari. Kwenye kitabu cha nne nikageuza moja. Nyuma, kwa penseli, palikuwa na maneno manne: "Waya huu umechorwa vibaya." Waya upi? Ukurasa ule ndio uliokuwa jibu, na mimi nilikuwa nimeshaichomoa kadi. Watu wa kazi ile hawakununua daftari, kadi ndiyo iliyokuwa karatasi yao ya kuandikia kila kitu.

Kwa hiyo siku ya kwanza usipange chochote. Piga picha kila boksi kabla hujaingiza mkono, kisha kila tabaka unalolifikia. Andika namba kwa penseli laini kwenye jalada, kuanzia juu kwenda chini. Mpangilio alioacha mwenyewe, hata ukionekana wa ovyo, unaonyesha alikuwa akifanya nini na nini. Ukiuvuruga huna pa kuurudisha.

Siku ya pili ondoa vyuma na mpira. Pini na vibanio vilivyoshika kutu visivutwe: laza karatasi mezani, teleza kipande chembamba cha plastiki kati ya chuma na karatasi, kisha fungua miguu ya kibanio taratibu. Raba bendi ya zamani ama imekauka kama ukoko au imeyeyuka na kugandia. Iliyokauka itavunjika yenyewe, iliyogandia acha kipande kilichoshika kuliko kuchuna uso wa kadi. Badala yake zungusha ukanda wa karatasi isiyo na asidi.

Hapa ndipo bunda la kadi linapoponyoka. Boksi la kawaida lilibeba kadi 2,000, na kila kadi ina unene wa inchi 0.007, hivyo bunda dogo la inchi moja ni kadi kama 140. Likimwagika, kwanza tazama kingo zake za juu. Wenye busara walichora mstari wa kalamu mshazari juu ya bunda zima. Ukizirudisha kadi hadi mstari unyooke, umepona. Kama hakuna mstari, angalia safu za 73 hadi 80: kwenye programu za Fortran, lugha ya zamani ya kuandikia programu za kompyuta, ndiko namba za mfuatano zilikotobolewa.

Jifunze kusoma kadi kwa macho, si kazi ngumu. Kadi ya IBM, kampuni ya Marekani iliyotengeneza mashine hizi, ilitoka mwaka 1928 ikiwa na safu 80 na matundu ya pembe nne, na zilizoenea baadaye zina mistari 12. Mistari miwili ya juu kabisa huitwa 12 na 11, halafu 0 mpaka 9. Tarakimu ni tundu moja. Herufi ni matundu mawili kwenye safu moja: 12 na 1 ni A, 11 na 1 ni J, 0 na 2 ni S. Siku moja nilikuta safu tatu zimefuatana: 11-1, 12-1, 11-5. JAN. Bunda lote lililokuwa "bila tarehe" likapata mwezi. Matundu ya duara kwenye kadi ya safu 90 ni ya Remington Rand, kampuni mshindani wa IBM, kuanzia 1930. Usiyachanganye.

Vichwa vya barua navyo vinasaidia. Jina la Computing-Tabulating-Recording lilitumika 1911 hadi 1924, lilipobadilishwa kuwa IBM. Barua inayotaja mashine ya IBM ya kuhesabia iitwayo 407 si ya kabla ya 1949, kompyuta ya 1401 ilitangazwa 1959, na kompyuta za System/360 mwaka 1964. Ila kuwa mwangalifu: mtu wa ndani ya kampuni aliweza kuitaja mashine miaka kadhaa kabla ya wateja kuisikia. Ukiona hivyo, umepata karatasi ya maana kuliko tangazo lenyewe.

Michoro ya nyaya ndiyo watu hutupa kwanza, na mimi huiweka kwanza. Mashine za kuhesabia hazikuwa na programu ya kuandika. Ziliongozwa na ubao uliochomekwa nyaya, tundu hadi tundu. Ubao ulivuliwa nyaya na kutumika tena, hivyo mchoro ndio programu iliyobaki. Uache pamoja na bunda lake na karatasi iliyochapwa matokeo, usitenge "michoro" huku na "kadi" kule.

Nakala za kahawia zinazoendelea kuwa nyeusi ni za karatasi ya joto. Zipige picha mapema, mbali na jua.

Mabunda ya majaribio mara nyingi yalitobolewa kwa orodha halisi za mishahara. Majina na malipo ya watu yatie kwenye jalada la peke yake, na ueleze kwa nini limefungwa.

Ukitaka kuyakabidhi makaratasi kwa hifadhi ya kumbukumbu, waandikie kwanza, usitume boksi bila taarifa. Charles Babbage Institute ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Computer History Museum ya Mountain View na Hagley ya Delaware hupokea vitu vya aina hii. Makaratasi ya Herman Hollerith mwenyewe, aliyebuni mashine za kadi, yako Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Watauliza mwenye makaratasi alifanya kazi idara gani, miaka ipi, na maboksi mangapi. Orodha yako ijibu hayo kwenye ukurasa wa kwanza.

Na kadi tupu? Mimi sasa huiacha ilipo, ndani ya bahasha nyembamba, na kwenye orodha naandika: "Kadi 1, haijatobolewa, penseli nyuma, kati ya uk. 40 na 41."