Kuitoa sumaku iliyobaki ndani ya CT kabla ya kuwasha laini

CT ni transfoma inayopunguza mkondo wa laini ili mita na relei ziusome. Mara nyingi anayeitia sumaku ni fundi mwenyewe. Betri ya volti 9 ya kupimia polariti na kifaa cha kupimia ukinzani wa koili hupitisha umeme wa DC. Ukikatika, chuma cha ndani hubaki na sumaku. Hitilafu kubwa ikikatwa na breka huacha hivyo hivyo. Kwenye chuma kisicho na mwanya, sumaku hiyo yaweza kufika asilimia 80 ya kiwango cha kushiba (pale chuma hakiwezi kubeba sumaku zaidi), na mzigo wa kila siku hauiondoi. Siku ya hitilafu CT hushiba mapema, relei (kifaa kinachoamuru breka ikate) ikachelewa, au ile ya difrensho, inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, ikakata ovyo. Mita nayo huweza kusoma pungufu.

Kwa hiyo kutoa sumaku kuje mwisho, baada ya vipimo vyote vya DC.

Laini ikishazimwa, ikafungwa kufuli na kuhakikiwa haina umeme, ethi (waya wa ardhini) ibaki upande mmoja tu wa CT. Zikiwa pande zote mbili, upande wa kwanza (wa laini) huwa kitanzi, mkondo ukapanda mapema nawe ukadhani umefika goti, yaani pale chuma kinapoanza kushiba. Fungua S1 na S2, ncha mbili za koili ya pili ya CT. Iwe Wesha kule Pemba au Fumba kule Unguja, hewa ya chumvi hugeuza skrubu hizi kijani. Zisugue, maana ukinzani ule ni mzigo juu ya CT. Ondoa na ethi ya S2, kwani variaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa mkono) haijatengana na umeme wa ukutani.

Unganisha variaki kwenye S1 na S2, amita ikiwa katikati. Panda polepole kutoka 0. Goti ni pale volti zikiongezeka asilimia 10 mkondo huongezeka asilimia 50. Goti likiwa volti 180, nenda mpaka kama 200, kisha shuka bila kusita, kwa dakika moja hivi, hadi 0. Ndipo uzime swichi. Ukizima ukiwa volti 100, sumaku imerudi; anza tena. Kiini cha mita, yaani chuma cha CT kinacholisha mita, hushiba kwa volti chache sana, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Pima tena mchirizo wa volti na mkondo, ulinganishe na wa kiwandani. Ikiwa bado mkondo ni mkubwa baada ya kurudia mara mbili, hiyo si sumaku: shuku koili iliyogusana.

Rudisha ethi ya S2, kaza skrubu, hakikisha mzunguko umefungika. CT iliyo wazi laini ikiwaka hutoa volti za kuua, na chuma hurudi na sumaku.