Ripoti ya kila mkoa kwa amri moja
Kama kila mwezi unatoa ripoti ileile kwa mikoa tofauti, acha kunakili namba kutoka Excel kwenda Word. Iandike mara moja kwa Quarto (programu inayounganisha maandishi na msimbo wa lugha ya R kutengeneza ripoti): juu ya faili weka mkoa chini ya `params` (vigezo vya ripoti), chuja data kwa `params$mkoa`, na ndani ya sentensi, badala ya kuandika 412, weka `` `r nrow(data)` ``, yaani idadi ya safu mlalo za data. Data ikibadilika, namba inajirekebisha yenyewe. Kisha endesha amri hii kwenye terminal, ukibadilisha jina la mkoa kila mara:

`quarto render ripoti.qmd -P mkoa:Tanga --output tanga.pdf`

Usisahau `--output`, la sivyo Dodoma itaifuta Tanga. Kwa PDF chagua `format: typst` (Typst ni programu ya kupanga kurasa, kama LaTeX). Inatoka haraka kuliko LaTeX, na imo tayari ndani ya Quarto (tangu toleo la 1.4), kwa hiyo huhitaji kupakua LaTeX na bando lako linapona.